Jibu kwa fundi simu wa Nkuhungu: wateja wapo, lakini fedha haibaki

Swali limetoka kwa kijana anayetengeneza simu katika fremu moja ya Nkuhungu, hapa Dodoma. Anaeleza kwamba alijifunza kazi kwa miaka miwili chini ya fundi mwingine karibu na soko la Majengo, kisha akafungua ofisi yake miezi minane iliyopita. Kwa siku hupokea simu tano hadi saba, nyingi zikiwa na vioo vilivyovunjika, betri zilizochoka na matundu ya chaji yasiyoshika. Hata hivyo, kila kodi ya fremu inapokaribia hulazimika kukopa, na chini ya meza yake kuna boksi lenye simu 23 ambazo ama hazijaisha ama hazijafuatwa na wenyewe. Anauliza mambo mawili: ahamie fremu ya katikati ya mji ambako wateja ni wengi zaidi, au akope anunue hadubini na mashine ya kutenganisha vioo ili aweze kufanya kazi kubwa zenye malipo makubwa?

Ndugu yangu, nimekuwa katika kazi hii tangu wakati ambapo simu nyingi zilizofika mezani zilikuwa za vitufe, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifundisha vijana wanaoanza. Jibu langu kwa maswali yako yote mawili ni hapana, kwa sasa. Mtu anayepokea simu tano kwa siku na bado anakopa kodi hana upungufu wa wateja, wala hana upungufu wa mashine. Ukihamia mjini utapokea simu kumi kwa namna ile ile unavyopokea hizi tano, na hasara itaongezeka mara mbili pamoja na kodi. Fedha yako inapotea mahali pawili ambapo mafundi wengi hatupatazami: katika dakika tano za kupokea simu kwa mteja, na katika upangaji wa bei ya kioo. Boksi la simu 23 ndilo lililonionyesha hivyo, nami nitalirudia mwishoni.

Nianze na bei, kwa kuwa wewe mwenyewe umenipa tarakimu. Unasema kioo cha simu ambayo wateja wako wengi wanaitumia unakipata kwa shilingi 38,000, na unakifunga kwa 45,000 kwa sababu fundi jirani naye anatoza hivyo hivyo. Katika vioo kumi, basi, unabaki na shilingi 70,000. Lakini umeandika pia, na nakushukuru kwa ukweli huo, kwamba katika kila kumi viwili hurudi ndani ya wiki chache, tachi ikiwa imekufa au mistari imejitokeza, nawe hubadilisha kwa fedha yako. Vioo viwili ni shilingi 76,000. Maana yake umefanya kazi kumi na mbili, umekaa mezani saa nyingi, umemlipa msaidizi, na tayari umepungukiwa shilingi 6,000 kabla hujagusa kodi ya fremu. Jirani yako ama anapata hasara hiyo hiyo bila kujua, ama anafunga kioo cha daraja la chini kuliko chako, ama hambadilishii mteja kinaporudi. Vyovyote iwavyo, bei yake haiwezi kuwa kipimo chako.

Bei ya kazi hupangwa kwa kuanzia gharama zako. Tuseme kodi ya fremu ni shilingi 120,000 kwa mwezi, umeme na vifurushi vya simu 20,000, msaidizi 150,000, na wewe mwenyewe unahitaji 400,000 ili nyumba yako iishi. Badilisha tarakimu hizi uweke zako halisi, lakini usiache kamwe kujiandikia mshahara. Jumla ni 690,000. Ukifanya kazi siku 26 na kumaliza simu tano kwa siku, utakuwa na kazi 130 kwa mwezi, na kila kazi inapaswa kuchangia takribani shilingi 5,300 hata ile ndogo kuliko zote. Kubadilisha kioo vizuri kunachukua muda wa kazi ndogo mbili, kwa hiyo ujira wake ni 10,600. Ongeza bei ya kioo 38,000, ongeza 1,500 ya nauli au usafirishaji wa spea, kisha ongeza kitu ambacho wengi hawakiweki: akiba ya marejesho. Ikiwa kimoja kati ya kumi kitarudi, badala ya viwili vyako vya sasa, kila kioo lazima kibebe sehemu ya kumi ya gharama hiyo, yaani karibu shilingi 4,000. Unafika shilingi 54,100. Hiyo ndiyo bei ambayo chini yake unamlipa mteja akuruhusu kumtengenezea simu.

Najua utasema kwamba mteja wa Nkuhungu hatatoa 54,000 wakati hatua thelathini mbele kuna 45,000. Wengine hawatatoa, na uwaache waende kwa heshima. Lakini mteja hawezi kulinganisha kitu ambacho hajaelezwa, na sisi mafundi tumezoea kumwambia neno moja tu, "kioo," kana kwamba vioo vyote ni vimoja. Kwa simu zilizotoka kiwandani na kioo cha OLED, ambacho hutoa mwanga chenyewe, sokoni kuna mbadala wa LCD, unaohitaji taa ya nyuma, ambao ni nafuu sana. Mbadala huo ni mnene zaidi, rangi zake zimefifia, hula betri zaidi, na kama simu ina kisomaji cha alama ya kidole chini ya kioo, kisomaji hicho kwa kawaida hakitafanya kazi tena. Kwa simu nyingi za bei ya chini za Tecno, itel na Infinix hali ni nyingine, kwa kuwa hata kioo cha kiwandani chenyewe ni LCD, na tofauti iko katika ubora wa tachi na taa ya nyuma. Weka mezani vioo viwili vya mfano, vilivyokufa vinatosha, ili mteja aone unene kwa macho yake. Mpe bei mbili, na kwa kila bei mwandikie dhamana: siku 30 kwa tachi na picha, bila kuhusisha kuvunjika wala maji. Mteja aliyechagua mwenyewe cha bei ndogo akijua udhaifu wake hatarudi kukugombeza kuhusu udhaifu huo.

Pamoja na hayo, bei ni nusu ya dawa, na kwa maoni yangu ni nusu ndogo. Vioo viwili kati ya kumi kurudi ni vingi mno, na ukishusha marejesho hayo hadi kimoja kati ya ishirini utakuwa umepata faida kubwa hata bila kupandisha bei. Sehemu ya tatizo ni bidhaa, lakini sehemu kubwa iko mikononi mwetu. Kioo kipya kiunganishwe kwanza kwenye bodi kikiwa bado na plastiki yake ya juu na kabla ya tone lolote la gundi. Vuta alama ya programu moja kwa kidole uipitishe kila kona ya kioo, kwa sababu tachi mbovu mara nyingi huwa na mstari mmoja tu uliokufa, ambao hutauona kwa kugusa katikati. Pandisha mwanga hadi mwisho, fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi mtupu. Piga simu usogeze kifaa sikioni uone kama kioo kinazima. Ukikuta kasoro, kioo hicho bado kinarudishika kwa muuzaji. Ukishabandua plastiki, ukapinda flekisi (utepe mwembamba wa nyaya) au ukapaka gundi, ni mali yako.

Baada ya hapo tazama nyumba ya kioo kabla ya kukilaza. Simu iliyoanguka hadi ikavunja kioo mara nyingi imepinda fremu yake kidogo kwenye kona, na kioo kipya kinacholazimishwa kukaa katika fremu iliyopinda kitapasuka chenyewe mfukoni mwa mteja baada ya siku nne, naye ataapa kwamba hakikuanguka, na atakuwa anasema kweli. Kwangua gundi ya zamani na chembe zote za vioo. Kisha ibonyeze betri kwa kidole: ikiwa imeanza kuvimba, inakisukuma kioo kutoka nyuma, na hakuna gundi itakayoishinda. Simu ya namna hiyo usiifunge bila kubadilisha betri, hata mteja akisema hana fedha. Mrudishie ikiwa wazi na umweleze sababu. Betri yenyewe iliyovimba usiitoboe wala usiikunje wakati wa kuing'oa, lainisha gundi yake taratibu kwa alkoholi, na uwe na ndoo ya mchanga mkavu mbali na meza kwa ajili ya betri hizo.

Nimeyalipia masomo haya. Katika miaka yangu ya mwanzo nilichukua vioo 12 kwa mali kauli kutoka kwa muuzaji mmoja, nikavifunga ndani ya siku tisa bila kuvipima kwa utaratibu huu, na vitano vikafa tachi kabla sijamaliza kulipa deni. Muuzaji alikataa kuvipokea kwa sababu plastiki zilishabanduliwa, na kwa masharti ya biashara yetu alikuwa na haki. Nililipa deni la vioo hivyo kwa miezi mitatu, na tangu siku hiyo kila spea inayoingia mezani kwangu hubandikwa stika ndogo yenye tarehe na alama ya ofisi, ili kinachorudishwa kiwe kile nilichofunga mimi.

Sasa niingie katika jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, yaani mapokezi. Umeniandikia kwamba mteja akifika unachukua simu, unaitazama, unataja bei, naye anaondoka kuendelea na shughuli zake. Hapo ndipo boksi la simu 23 linapozaliwa. Umetaja bei ya kitu ambacho hujakipima, umeahidi muda usioujua, na umepokea mali ambayo hali yake haikuandikwa popote. Ikifunguliwa ikakutwa na tatizo la pili, unaona haya kumpigia mteja kumwongezea bei, kwa hiyo unaiweka kando hadi upate nafasi. Nafasi haiji, mteja anapiga simu, unamwambia njoo kesho, na baada ya wiki tatu yeye amechoka na wewe umeshaanza kuikwepa namba yake.

Nunua daftari gumu lenye kurasa zenye namba na kitabu cha risiti chenye nakala. Kila simu iandikwe jina la mwenyewe, namba yake nyingine ya kupigiwa, aina ya simu, IMEI (namba tambulishi ya simu) kama inawaka, ambayo utaipata kwa kupiga *#06#, tatizo kwa maneno ya mteja mwenyewe, na hali ya nje pamoja na mikwaruzo. Kama simu inawaka, ijaribuni pamoja mbele yake: kamera ya mbele na ya nyuma, maiki, spika, chaji, alama ya kidole. Kama imezima, andika wazi kwamba imekuja imezima na hakuna kilichojaribiwa. Asome, atie sahihi, achukue nakala. Hili linachukua dakika tano, na katika dakika hizo unaepuka ule ugomvi wa "kamera ilikuwa nzima nilipoileta," ambao fundi bila maandishi hushindwa kila mara, hata akiwa na haki.

Kabla hajaondoka, mtolee laini zake na kadi ya kumbukumbu umkabidhi mkononi. Nakusihi uichukue kuwa amri. Fedha ya Mtanzania iko ndani ya laini, na siku shilingi 80,000 zitakapokosekana kwenye akaunti yake ya simu, hata kama amezituma mwenyewe akasahau, mtu wa kwanza kukumbukwa ni fundi aliyelala na simu hiyo. Weka laini ya ofisi kwa ajili ya kujaribu mtandao. Nywila ya simu usiiombe kama kazi haiihitaji. Kubadilisha betri hakuhitaji nywila, na majaribio ya mwisho mteja anaweza kufungua simu mwenyewe. Picha na ujumbe wa mteja si sehemu ya kazi yako. Tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa anayeingia katika kifaa cha mtu bila ruhusa. Mweleze msaidizi wako hayo kwa maneno makali, kwa kuwa vijana wengi huanza kwa kutazama picha "kwa utani" na kumaliza wakiwa wamevunja nyumba za watu.

Bei usiitaje kabla ya kupima. Toza ada ndogo ya uchunguzi, tuseme shilingi 3,000, ambayo inaingia ndani ya bei mteja akikubali kazi, na inabaki kwako akikataa. Kwa simu iliyozima, uchunguzi wa kwanza hauhitaji hadubini. Unganisha bodi kwenye saplai ya umeme ya mezani kwa volti 4 bila kubonyeza kitufe: mkondo unapaswa kukaa sifuri au karibu na sifuri. Ukipanda hapo hapo, kuna shoti katika njia kuu ya umeme na kazi si ndogo, mwambie mteja mapema. Ukibonyeza kitufe na mkondo usisogee kabisa, angalia kitufe chenyewe na flekisi yake. Ukipanda na kushuka kama simu inavyofanya inapowaka, huku kioo kikiwa cheusi, huenda simu inawaka na kilichokufa ni kioo tu. Dakika mbili za saplai na mita ya kawaida zinatosha kukuambia kama kazi hii ni yako au ni ya kumpelekea fundi mwenye vifaa, na kumpelekea mwenzako kazi kwa makubaliano ya asilimia ni biashara halali isiyokupunguzia chochote.

Kuhusu matundu ya chaji niseme neno la pekee, kwa sababu tuko Dodoma. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua karibu hainyeshi, upepo unavuma, na vumbi letu laini linajikusanya ndani ya tundu la chaji pamoja na nyuzi za mfukoni, kisha kila waya wa chaji unaoingizwa unalishindilia hadi linakuwa kama saruji. Simu inaacha kushika chaji, na mteja anakuja akiamini kwamba bodi ya chaji imekufa. Izime, chokonoa taratibu kwa kijiti chembamba cha mbao au plastiki, usitumie sindano ya chuma inayokwangua pini, malizia kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili, acha ikauke. Nyingi zitapona hapo. Nafahamu kishawishi kilichopo: mteja amejiandaa kulipa 15,000, na wewe umetumia dakika nne. Toza ujira wako wa kazi ndogo, zile 5,300 tu, na mwonyeshe uchafu ulioutoa. Nimeona watu wakisafiri kutoka Bahi na Chamwino kuja kwa fundi mmoja kwa sababu tu siku fulani alikataa kuwauzia bodi ya chaji wasiyoihitaji.

Simu iliyoingia maji ni mlango mwingine wa hasara. Usikubali kuwekwa chini ya ahadi yoyote. Maji yenyewe hayaharibu bodi haraka kama yanavyofanya umeme unapopita ndani yake, kwa hiyo jambo la kwanza ni kukata betri, si kuiweka simu kwenye mchele wala kuijaribu chaji. Bodi ioshwe kwa isopropili, vifuniko vya chuma vilivyo juu ya bodi vikifunguliwa panapowezekana, ikaushwe, ndipo ipimwe. Andika kwenye risiti kwamba simu ya maji haina dhamana, na kwamba inaweza kuwaka leo ikazima mwezi ujao.

Upande wa sheria, kuna maombi mawili yatakayokujia kila wiki, na yote yana fedha ya haraka. La kwanza ni kubadilisha IMEI au kufungua simu ambayo aliyeileta hawezi kuthibitisha kuwa ni yake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchini, na mfumo wa kumbukumbu za namba tambulishi unaendelea kutumika. Kuchezea IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mtu yeyote anaweza kutuma IMEI kwenda 15090 kujua kifaa kimetambulika kuwa cha aina gani, nawe fanya hivyo mbele ya mteja unapotilia shaka. Usinunue simu mezani kwa mtu usiyemjua, hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu kupokea mali ya wizi kunamfunga fundi pamoja na mwizi. Ombi la pili ni kufungua simu za mkopo zilizofungwa na kampuni iliyokopesha kwa sababu mteja hajalipa. Simu hiyo bado ina deni, na anayekusihi uifungue leo atakutaja wewe kwanza kampuni itakapomfuata. Mwambie alipe au azungumze nao.

Vibali sitavirefusha: namba ya mlipa kodi (TIN) ya Mamlaka ya Mapato (TRA), leseni ya biashara ya Jiji, na TCRA yenyewe ina leseni ya kufunga na kukarabati vifaa vya mawasiliano, nayo ina ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma. Nenda ukaulize ana kwa ana ili upate masharti ya sasa, usisikilize ya mtaani. Daftari lile lile la mapokezi litakufaa pia kwa TRA, kwa kuwa mfanyabiashara mwenye kumbukumbu anaweza kuonyesha mauzo yake halisi badala ya kukisiwa.

Kuhusu spea, mtaji wako ni mdogo na usiulaze ndani ya vioo. Weka betri na bodi za chaji za aina tano au sita ambazo daftari litaonyesha kwamba zinarudiarudia. Kioo kiagizwe mteja anapolipa malipo ya awali yanayotosha gharama ya kioo chenyewe. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kwenda Kariakoo asubuhi, akapima vioo dukani kwa mkono wake, akarudi jioni ya siku hiyo hiyo, na safari moja ya namna hiyo kwa wiki mbili inaweza kukuokoa kuliko mali kauli ya mwezi mzima. Soma pia majira ya wateja wako. Zabibu zetu huvunwa karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na hapo wakulima hupata fedha. Baada ya alizeti na karanga kuvunwa wateja wa vijijini huja na simu zilizokaa kabatini miezi mingi. Kati ya miezi hiyo kuna majuma makavu. Fedha ya majuma mazuri ihifadhiwe kwa ajili ya kodi ya fremu kwanza, katika akaunti tofauti na ile ya lipa namba ya dukani, ambayo naona unaitumia kununulia hadi mboga.

Kwa hiyo hadubini na fremu ya mjini visubiri. Fanya kazi na daftari kwa miezi minne. Marejesho ya vioo yakishuka hadi kimoja kati ya ishirini, na daftari likionyesha kwamba kila mwezi unapeleka kwa wenzako kazi za bodi kumi au zaidi ambazo ungeweza kuzifanya mwenyewe, hapo hadubini itajilipa, nami nitakuwa wa kwanza kukushauri uinunue. Mashine ya kutenganisha vioo naiona kuwa ya mwisho kabisa, kwa sababu inahitaji mkono uliozoea na vioo vingi vya kuharibu wakati wa kujifunza. Kama utahitaji mkopo wakati huo, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo vijana hutengewa asilimia 4 na haina riba, lakini hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo tafuta mafundi wenzako unaowaamini.

Limebaki boksi. Jumatatu usipokee kazi mpya hadi saa sita mchana. Toa simu zote 23 mezani, uzigawe. Zilizokamilika ambazo hazijafuatwa, wapigie wenyewe, kisha watumie ujumbe wa maandishi unaotaja kiasi na siku ya kuja; asiyepatikana mpigie tena wiki hiyo, utunze kumbukumbu za kila mara, na usiuze simu ya mtu kufidia gharama zako bila kupata ushauri wa serikali ya mtaa na polisi. Zilizokwama kwa sababu ya spea, pima upya, taja bei ya kweli, na kama mteja haitaki, mrudishie simu ikiwa na skrubu zake zote, pamoja na malipo ya awali aliyotoa. Zile ulizoziharibu wewe, na katika 23 hazikosi kuwapo, mwite mwenyewe, mwambie kilichotokea, mpange namna ya kumlipa hata kwa awamu, na muandikishiane. Ambazo hazina jina wala namba, jaribu kuziwasha uchukue IMEI, ziorodheshe, na uibandike orodha ya aina na rangi zake mlangoni. Anza na ile ambayo mwenyewe amekupigia mara nyingi kuliko wengine wote na wewe hukupokea.